Impreza STI: nichukue ya 2003, ya 2006 au ya 2010?

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni kijana wa miaka 36, nauza vifaa vya ujenzi hapa Moshi, nina mke na watoto wawili. Safu yako naisoma kila wiki, na mara nyingi nakubaliana nawe unapowaambia watu wanunue Toyota watulie. Leo naomba usiniambie hivyo.

Mwaka 2000, nikiwa shule ya msingi, mjomba wangu dereva wa lori alinipitisha Namanga tukaenda kuangalia Safari Rally. Tulikaa juu ya kichuguu tangu asubuhi. Kwanza ikasikika helikopta, kisha vumbi likaonekana mbali, halafu kitu cha bluu chenye rimu za dhahabu kikapita mbele yetu hata sikuwahi kupepesa jicho. Mwaka ule Richard Burns alishinda, na Juha Kankkunen akafuata wa pili, wote wawili wakiwa na Subaru Impreza. Mpaka leo sijui niliyemwona ni yupi. Lakini gari niliiona, na tangu siku ile nimesema kabla sijafika miaka 40 nitaimiliki.

Sasa Mungu amejalia. Nimeuza kiwanja kimoja, nina shilingi milioni 62, na magari matatu mezani.

La kwanza liko Dar es Salaam, ni la rafiki yangu wa tangu sekondari. Impreza WRX STI, lile toleo kali la Impreza, kadi inasema 2003. Anataka milioni 38, namba za Tanzania tayari, hakuna ushuru wa kulipa. Ameshaifanyia mambo mengi: bomba la moshi kubwa, programu ya injini imebadilishwa, na ukiachia mafuta turbo inapiga mluzi hadi watu wanageuka. Anasema injini ilishafunguliwa mara moja "kwa ajili ya kuimarisha".

La pili liko Japani, STI ya 2006, kilomita 118,000, daraja la mnada 3.5, haijaongezwa kitu. Mpaka kufika bandari ya Dar ni kama milioni 27.

La tatu nalo liko Japani, STI A-Line ya 2010, otomatiki, kilomita 96,000, milioni 29 mpaka bandarini. Hili nalifikiria kwa sababu mke wangu amezoea otomatiki, na ndilo jipya kuliko yote. Akili yangu inaniambia jipya ndilo lenye uhai mrefu. Kwenye makundi ya vijana wa Subaru nikiuliza napata majibu kumi tofauti, na kila mmoja anasifia mwaka wa gari lake.

Nitakuwa naitumia Moshi hadi Arusha mara mbili kwa wiki, na Dar mara moja moja. Ninayo pikapu ya kazi, hii ni ya moyo.

Kuna jambo moja dogo. Mke wangu anajua natafuta Harrier.

Nishauri mzee, nichukue ya mwaka gani?

Mpenda Subaru, Moshi

*

Marahaba, kijana wangu.

Sitakuambia ununue Toyota. Mtu aliyekaa juu ya kichuguu tangu asubuhi akisubiri gari lipite sekunde tatu haponi kwa ushauri wa gazetini. Hilo "jambo dogo" lako tutalirudia, maana kwa macho yangu ndilo kubwa kuliko yote matatu.

Tuanze na swali lako, kwa sababu limekaa vibaya. Unaniuliza mwaka. Kwa gari nyingi swali hilo linatosha, kwa STI ya kizazi chako halitoshi kabisa. Impreza ile iliyotoka mwaka 2000 ikaishia 2007, Subaru walikuwa wakiirekebisha karibu kila mwaka, na kila rekebisho walilipa herufi: A, B, C, D, E, F, G. Mabadiliko hayo hayakuwa yakiingia Januari. C ilitoka mwishoni mwa 2002. E ilitoka Juni 2004. F ilitoka Juni 2005. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ni STI ya 2004" hujaambiwa kitu, maana ya Machi ni D na ya Septemba ni E, na hizo ni gari mbili zinazofanana sura tu. Ya 2005 nayo hivyo hivyo: nusu ya kwanza ina uso ule wa taa pana, nusu ya pili ina ule uso wa mwisho wenye taa zilizochongoka na pua iliyogawanyika kama ya ndege. Ndiyo maana kwenye hayo makundi umepata majibu kumi. Wote wanataja miaka, na kila mtu ana gari lingine kichwani.

Herufi utaipata kwenye kibati cha modeli kilichomo ndani ya boneti. Namba zikianza na GDB ni STI ya kweli. Zikianza na GDA hiyo ni WRX ya kawaida, hata kama ina beji za pinki mbele, nyuma na kwenye usukani. Nimeshaona GDA nyingi mjini zilizovishwa nguo za dada yao. Herufi inayofuata baada ya GDB ndiyo unayoitafuta. Mwambie muuzaji akupigie picha ya kibati hicho. Akikuambia hakionekani vizuri, achana naye.

Sasa, herufi ina faida gani? Kuanzia C, injini ya Kijapani ya lita 2.0, ile EJ207, ilipewa turbo yenye njia mbili za kuingizia moshi, inayoamka mapema. Kwenye barabara ya kupanda kutoka kwenu kwenda Arusha utaliona hilo. Gari ya A au B inangoja, inangoja, halafu inakurusha. Kwa mtu wa mashindano hiyo raha. Kwa mtu mwenye mifuko ya misumari Arusha saa tatu asubuhi, hapana.

Kuanzia E yalikuja mabadiliko ambayo hayaonekani kwa macho na ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Subaru waliongeza uimara wa habu za magurudumu, na mpangilio wa nati ukabadilika, kutoka milimita 100 ukawa 114.3. Kijana, hapo tulie kidogo. Mpangilio wa nati tano kwa 114.3 ndio ule ule wa Toyota nyingi zinazozagaa mjini kwetu, ikiwemo hiyo Harrier ya kwenye mazungumzo yenu ya chakula cha jioni. Tundu la katikati la rimu za Toyota ni kubwa kidogo kuliko la Subaru, kwa hiyo rimu inaingia, ila iwekewe ringi ya kujaza nafasi ili isiteteme. Rimu yako ikivunjwa na shimo pale kabla ya Kikavu, ya kusogeza gari nyumbani utaipata kwa jirani, ilimradi iwe ya inchi 17 na isiguse zile kalipa kubwa za breki za Brembo. Mwenye C au D hizo za 114.3 hazimwingii.

Ndiyo maana ya 2003 ya rafiki yako inaanza na alama ya chini kwangu hata kabla sijaisikia ikiwaka. Lakini si rimu zilizoikosesha kura yangu.

Injini ya EJ207 ikiwa kama ilivyotoka kiwandani ni mnyama mzuri. Silinda nne zimelala, mbili huku mbili kule, pistoni ya milimita 92 inayotembea milimita 75 tu, kwa hiyo inapenda kuzunguka kwa kasi, na inafika mizunguko 8,000 bila kulalamika. Kiwandani waliandika nguvu farasi 280, kwa sababu wakati ule makampuni ya Japani yalikuwa na makubaliano ya kutovuka hapo. Lakini walioipanga kompyuta yake walidhani utakuwa ukijaza petroli ile bora ya Japani, inayouzwa kwa oktani ya 98 hadi 100. Petroli ya kawaida ya pampu zetu iko chini ya hapo. Kompyuta ya kiwandani ikisikia injini inagonga inajirudisha nyuma yenyewe, unapoteza nguvu kidogo lakini unafika. Sasa mtu akija akaibadilisha programu ili apate farasi zaidi, akaongeza na bomba kubwa, ameondoa akiba ile yote iliyokuwa ikikulinda. Siku ya joto, mlimani, gia ya nne, mguu chini, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na ukingo wa pistoni unavunjika kama kigae.

Sisemi rafiki yako ameharibu. Wapo mafundi hapa nchini wanaoijua kazi hiyo, wanapima kila hatua na kuipunguza programu iendane na petroli yetu, na gari walizozigusa zimekuwa salama kuliko zilivyokuja. Ila uulize: nani aliipanga, kwa petroli ipi, vipimo viko wapi? Na hiyo kufunguliwa "kwa ajili ya kuimarisha", kijana wangu, katika miaka yangu tangu nianzie ufundi mtaa wa Gerezani, Dar, sijaona mtu aliyeamka asubuhi akafungua injini nzima kwa sababu ilikuwa nzima. Inafunguliwa ikishanoki, au ikishakula gasketi. Jina zuri linakuja baadaye, wakati wa kuuza.

Kama urafiki unakuvuta ukaiangalie, nenda asubuhi na mapema, na umwombe asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti, iwe baridi. Iwashe usikilize. Kugonga kidogo kunakopotea injini ikipata moto ni tabia ya pistoni za Subaru, wengi wanaishi nako. Kugonga kunakoongezeka kadiri inavyopata moto, hasa ukipandisha resi polepole kufika 3,000 kisha ukaachia, hizo ni beringi za krenki, na hapo aga rudi Moshi. Fungua kifuniko cha maji injini ikiwa bado ya baridi, mtu aiwashe, uangalie kama viputo vinapanda bila kukoma. Kisha mlipe fundi mwingine, asiye wa rafiki yako, apime kompresheni silinda zote nne. Namba zikikaribiana, mzungumze bei. Moja ikiwa imeachana na wenzake, usimwonee haya. Rafiki wa kweli hakuuzii silinda tatu kwa bei ya nne.

Tuje kwenye ile unayoiona mpya.

A-Line ya 2010 ni gari nzuri ya kukaa ndani. Viti vizuri, inakwenda kimya kimya, na farasi 300 za kiwandani si haba. Lakini STI ya otomatiki ya Japani haina ile injini ya lita 2.0. Ina lita 2.5, EJ257, ndugu wa injini walizopeleka Marekani. Pistoni zake ni za milimita 99.5, kubwa na pana, na ugonjwa wake unajulikana dunia nzima: kingo za pistoni, pale ringi zinapokaa, zinapasuka. Si kila moja, na wapo waliofika kilomita laki mbili kwa kuilea. Lakini kati ya injini hizi mbili, ukiniambia nichague moja ya kuishi na petroli yetu, vumbi letu na mafundi wetu, sitafikiri mara mbili. Kuna na kichujio kidogo kama kofia ya kidole ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Wengi hawajui kama kipo, kikiziba turbo inakufa na vyuma vyake vinazunguka kwenye oili ya injini nzima.

Na jipya halimaanishi nafuu forodhani. Gari zako zote mbili za Japani zimevuka miaka 10, kwa hiyo zinakula ile nyongeza ya uchakavu ya asilimia 30. Kadiri ya viwango vinavyotumika, chukua kila shilingi 100 ya thamani ya gari ikiwa bandarini. Ushuru wa forodha asilimia 25, inakuwa 125. Juu ya hiyo 125 unalipa ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 kama haizidi sisi (cc) 2,000, asilimia 10 ikizidi. Kisha ile 30 ya uchakavu, nayo inapigwa kwenye 125. Jumlisha vyote, juu yake VAT ya asilimia 18. STI ya 2006 ina sisi 1,994, kwa hiyo kodi inafika kama shilingi 99 kwa kila 100. A-Line ina sisi 2,457, inafika 106 na nusu. Hapo tozo ndogo ndogo, wakala wa kutoa gari na gharama za bandari hazijaingia.

Rudi kwenye milioni zako. Ya 2006 kwa milioni 27 inakuwa kama 54 kabla ya hizo ndogo ndogo. A-Line kwa milioni 29 inakaribia 60. Utakuwa na gari la ndoto getini na huna ya kubadilishia oili. Na hata hiyo 27 usiishike kama msahafu, kwa sababu TRA wana thamani zao za magari ya mkononi. Ankara yako ikiwa chini ya thamani yao, wanatumia yao. Kikokotoo chao kiko wazi mtandaoni, weka modeli, mwaka na ukubwa wa injini uone namba kabla hujamtumia mtu TT, yaani pesa kwa njia ya benki. Kifungue tena kama unanunua baada ya Julai, maana bajeti mpya hubadilisha viwango.

Utauliza, basi si bora niende kwenye mpya zaidi, nikwepe uchakavu? Chini ya miaka 10 lakini zaidi ya 8 nyongeza inashuka kuwa asilimia 15, na kodi nzima ya injini ya lita 2.0 inakuwa kama 77 kwa 100. Inavutia. Tatizo ni kwamba STI za mwisho zilizouzwa Japani na injini hiyo ziliishia 2019, wakafunga na toleo la kuagana la magari 555, na bei zake tangu hapo zimekwenda juu. Asilimia 77 ya kikubwa inazidi 99 ya kidogo. Angalia pia usije ukauziwa WRX S4 ya miaka hiyo ukiambiwa ni STI: ile ina injini nyingine na giaboksi ya otomatiki ya mnyororo (CVT). Gari nzuri, lakini si uliyoiona ukiwa juu ya kichuguu.

Kwa hiyo imebaki ile ya 2006, na ndiyo ninayokushauri. Ikiwa kweli imeundwa baada ya Juni 2005 itakuwa F, au G kama ni ya mwishoni, na tofauti ya F na G haistahili kulipiwa hata laki mbili. Habu imara unazo, turbo nzuri unayo, injini ya lita 2.0 unayo, na kikubwa zaidi, hakuna aliyeigusa. Gari lisilochezewa miaka yote hiyo lilikuwa na mwenyewe mtu mzima. Hao ndio wa kununua kwao.

Lakini 3.5 peke yake haitoshi. Omba karatasi ya mnada yenyewe, si tafsiri waliyokuandikia. Ina mchoro wa gari na herufi kila sehemu. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, hayo yapite. W ni mahali palipopigwa na kunyooshwa; moja haina neno, tano upande mmoja zina hadithi. XX ni kipande kilichobadilishwa. Mimi macho yangu huenda moja kwa moja kwenye S na C, yaani kutu. Mikoa ya Japani yenye theluji wanamwaga chumvi barabarani, na Impreza hizi zinaanza kuoza kwenye mapaja ya nyuma na pale juu shokapu za nyuma zinapofungwa. Rangi mpya inaficha. Omba picha za chini ya gari, na uzione boliti: boliti nyekundu kwa kutu kwenye gari linalong'aa juu ni ushahidi tosha.

Kwenye kilomita 118,000 kuna swali moja la kuuliza. Mkanda wa taimingi wa injini hii hubadilishwa ifikapo kilomita 100,000, na gereji za Japani wakiubadilisha wana desturi ya kubandika stika ndani ya boneti yenye tarehe na kilomita. Stika ikiwepo, safi sana. Isipokuwepo, chukulia haujabadilishwa: gari likitoka bandarini lisiendeshwe kuja Moshi, liende kwa fundi Dar kwanza. Mkanda, vigurudumu vyake, pampu ya maji, vimiminika vyote. Mkanda ukikatika valvu na pistoni zinakutana, na hakuna atakayekurudishia kiwanja chako. Hapo ndipo zile milioni chache zitakazobaki zitakwenda, na zitakwenda zote.

Na ukishaipata, kijiti cha oili kiwe tasbihi yako. Nasema kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilikuwa na Impreza ya turbo, ile ya mkia mrefu, fundi mzima mimi, nikaamini tarehe ya stika ya oili badala ya kuchungulia. Tukiteremka bonde la Wami taa nyekundu ikawaka kwenye kona, ikazimika. Nikasema ni waya. Kona ya pili ikawaka tena. Kabla hatujaumaliza mlima upande wa pili injini ilikuwa imenoki, na tukaingia Chalinze juu ya gari la kuvuta, mimi nimekaa mbele na dereva ambaye alikuwa akiniuliza kazi yangu ni nini. Nikamwambia mwalimu. Injini hizi zinakunywa oili kidogo kidogo hata zikiwa nzima; kila ukijaza mafuta mara mbili, pima mara moja.

Sasa mama watoto. Umeniambia A-Line unaifikiria kwa sababu yake, lakini hujaniambia kama umemuuliza, na huwezi kuwa umemuuliza kwa sababu anasubiri Harrier. Kwa maneno mengine, unataka kununua injini nisiyoipenda, kwa kodi kubwa zaidi, ili kumfurahisha mtu usiyemwambia. Kiwanja kile kilikuwa cha nyumba nzima. Mwambie kabla ya TT, usimwambie baada ya meli kutia nanga. Mwambie na hadithi ya kichuguu, maana mimi sikujui na imenigusa. Akikataa, umepoteza gari. Akikubali, mpe nafasi ya kujifunza gia za mkono. Klachi ya STI ni nzito kidogo lakini si mwamba, na wanawake niliowafundisha hawaichomi kama vijana wanaopenda kuondoka na makelele.

Akikubali kwa sharti kwamba lazima iwe otomatiki, basi niandikie upya. Hapo siyo STI tena, tutazungumza Forester ya turbo, na sitakucheka.

Nakukumbusha na matrafiki wa njia yenu. Tochi zao hazijali herufi F wala G, na kwenye makazi ni 50. Hizo farasi 280 zitalala njia nzima kuanzia Boma Ng'ombe mpaka Usa River, zinaamka mara mbili tatu tu. Jizoeze kufurahia hizo mbili tatu.

Nitumie picha ya kibati na karatasi ya mnada wiki hii, usiweke hata senti ya kushikilia gari kabla sijaziona. Na jibu la nyumbani pia nitumie, hilo nalisubiri zaidi.